Ukulele yenye mistari mitano

*Hotuba ya mwalimu wa muziki wa chama mbele ya wanachama wa Butembo na wajumbe waliotoka Beni. Tumeiacha jinsi ilivyosemwa, pamoja na vipimo ambavyo wengi waliomba viandikwe.*



Komite imenipa nusu saa. Najua wako waliokuja kusikia habari ya bati na mbegu. Hayo prezida atayasema kisha mimi. Mimi nitaongea juu ya sauti, na mwisho nitaomba komite ikate jambo moja juu ya feza kidogo zilizobaki kwenye mfuko wa watoto.

Munajua tuko na ukulele nane, zilizotumwa na marafiki wa chama. Tunashukuru sana. Watoto wamezishika haraka kuliko nilivyotarajia, na wengine wanafuata nyimbo za kanisa bila karatasi. Munajua pia tuko na endara moja, ya mzee wetu wa Beni, ambaye aliichonga upya aliporudi, kwa sababu ile ya zamani ilibakia kijijini na haikuonekana tena. Tumewaweka pamoja mara tatu. Mara zote tatu ilikuwa vilevile: watoto wanapiga akordi ya do, mzee anaanza, na kisha kidogo anaweka fimbo chini. Hana kasirani. Anasema tu: «Hiyo kitu inaongea luga ingine.»

Wako waliosema mzee anakataa mambo ya kisasa. Wengine wakasema watoto hawana sikio. Yote mawili si kweli. Mzee yuko sawa na watoto wako sawa. Tofauti iko kwenye chombo, na inaweza kupimwa kwa rula.

Kwanza niseme kidogo juu ya ukulele, maana kuna mtu aliniuliza kama tunawafundisha watoto wetu mambo ya Wazungu. Mwezi wa Agosti 1879, meli moja inayoitwa Ravenscrag ilifika Honolulu, kwenye visiwa vya Hawaii. Ilikuwa imebeba watu wa Madeira, kisiwa cha Ureno, waliokuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa. Kwenye mizigo yao kulikuwa gitare ndogo ya kamba nne, machete. Maseremala waliokuwa kati yao wakaanza kutengeneza zingine kwa mbao za pale, wenyeji wakazipenda, wakazipa jina la luga yao. Ile tunayoita ukulele ni kitu cha watu waliohama, kilichokubali kuingia ndani ya mzigo. Sioni aibu kuipokea sisi.

Endara haikubali kuingia ndani ya mzigo. Ninyi wa Beni munajua. Ni mbao nzito zilizolazwa juu ya vigogo viwili vya mugomba, na watu kadhaa wanakaa pande mbili, kila mmoja na sehemu yake. Tangu Oktoba 2014, vijiji vilipoanza kuuawa upande wa Beni, hakuna niliyemuona akikimbia na endara kichwani. Mtu anabeba mtoto, sufuria, godoro kama ana bahati. Halafu wakati wa Ebola, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, kukaa watu sita bega kwa bega lilikuwa jambo la kuogopa. Chombo kinachotaka mbao, mugomba na watu wengi kikakosa vyote kwa pamoja. Kwa ng'ambo, kwa ndugu zetu Bakonzo wa Kasese na Bundibugyo, endara ingali inapigwa, na waliokimbilia kule waliisikia. Lakini hapa kwetu, kati ya wanachama wote, anayejua kuchonga mbao mpaka itoe sauti anayoitaka ni mzee mmoja. Watoto wako kumi na saba. Kama hawawezi kupiga pamoja naye, watajifunza nyimbo zake kwa njia gani?

Sasa tuingie kwenye hesabu. Musiogope, ni kugawa tu.

Kila muziki uko na ngazi. Unaanza na sauti moja, unapanda, mpaka unakutana na sauti ileile ya kwanza lakini ya juu: ndiyo oktava. Wanaume na bamama wakiimba wimbo mmoja, mara nyingi wametengana oktava moja wala hawajui. Wapimaji wa sauti wanagawa oktava vipande vidogo 1200, na kila kipande wanakiita senti. Senti hizi hazinunui kitu. Ni kama milimita za sikio.

Kwenye ukulele au gitare, oktava imekatwa mara 12, sawasawa. Vile vyuma vidogo munavyoviona shingoni, kutoka kimoja mpaka kingine ni senti 100. Kwa hiyo ukulele inajua 100, 200, 300, 400, basi. Ukitaka 240, haina. Hakuna chuma hapo.

Endara iko na sauti tano, kisha inarudia. Swali ni: hizi tano zimepangwa namna gani? Mzee hapimi kwa mashine. Anachonga chini ya mbao, katikati, kama anataka sauti ishuke, au anapunguza ncha kama anataka ipande, kisha anasikiliza. Njo maana endara mbili za mafundi wawili hazitafanana kabisa. Lakini kuna watu waliopima vyombo vya jirani zetu. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mkuu wa Makumbusho ya Uganda kule Kampala, aliandika mwaka 1950 katika jarida la Nature juu ya nanga ya Waganda, ile ya kamba, ambayo hatua zake tano zilikuwa karibu sawa kwa sawa. Amadinda yao, ile ya mbao 12 na wapigaji watatu, inaelekea hapohapo. Gawa 1200 kwa 5: ni 240. Kila hatua 240.

Kwa hiyo ngazi inakuwa 0, 240, 480, 720, 960, kisha 1200 na tumerudi nyumbani. Sasa tazameni akordi ya do, ile mtoto anaanza nayo siku ya kwanza. Imejengwa juu ya mi, na toka do mpaka mi ni senti 400. Kwenye ngazi ya hatua tano 400 haipo. Iko 240, iko 480. Mi inaanguka katikati, kama mtu anayekanyaga hewa pale alipodhani kuna ngazi. Hapo ndipo mzee anaweka fimbo chini. Sikio lake linasikia sauti ambayo kwenye mbao zake haina mahali pa kukaa.

Kidogo nitoke nje ya njia. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita Kongo na mashine yake ya kurekodi. Upande wa Ituri na huku kwetu alirekodi Wambuti, Wabira, Wanande. Mwaka huohuo, kule Jadotville ambayo leo ni Likasi, alirekodi kijana mpiga gitare, Mwenda Jean Bosco, na jina lake likafika mbali. Nafurahia Mwenda kama kila mtu. Ila gitare ilipoenea, ilienea na vyuma vyake 12 shingoni, na harmoniamu ya misheni ilikuwa imekwisha kufundisha ngazi ileile. Sisi wote hapa tumelelewa na do-re-mi. Ndiyo sababu leo ngazi ya mzee inaonekana ngeni kwa watoto wa Beni wenyewe, na ile iliyofika kwa meli ndiyo inaonekana ya kawaida. Kama kuna ngazi ngeni hapa, mimi siwezi kusema ni ipi.

Turudi. Akordi ni nini? Ni sauti zinazokubali kukaa pamoja. Kwenye do-re-mi tunachukua moja, tunaruka moja, tunachukua moja: do, mi, sol. Gerhard Kubik, Mwaustria aliyejifunza amadinda Kampala tangu 1959 kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka, ameonyesha katika maandishi yake kwamba sehemu nyingi za Afrika watu wanaoimba pamoja wanafanya vilevile kwenye ngazi yao wenyewe: mmoja anashika sauti, mwenzake anaruka moja na kushika inayofuata. Kanuni ni ileile, ngazi ndiyo tofauti. (Huyu Muyinda namtaja kwa sababu nyingine pia. Mei 1966 jeshi lilipovamia ikulu ya Mengo, vyombo vya Kabaka viliharibiwa na wapigaji wakatawanyika. Muziki haukuisha, kwa sababu watu kama yeye walikuwa wamefundisha wengine nje ya ukuta wa ikulu.)

Basi tuite sauti zetu 1, 2, 3, 4, 5, na turuke mojamoja. Tunapata akordi tano: 1-3-5, kisha 2-4-1, 3-5-2, 4-1-3, na 5-2-4. Ni hizo tu. Kwenye ngazi ya hatua sawa, zote tano ziko na umbo moja. Hakuna kubwa na ndogo, hakuna ya furaha na ya huzuni kama tunavyofundishwa kwenye korali. Ni nyumba moja inayohamishwa.

Kwenye ukulele tulizo nazo, bila kukata kitu, tunaweza kuzikaribia. Sauti 1 iwe do, 2 iwe re, 3 fa, 4 sol, 5 si bemoli. Kamba ni kama kawaida: sol, do, mi, la. Ninasoma vidole kwa mpangilio huo wa kamba, na sifuri ni kamba iliyo wazi. Ya 1-3-5 ni 3-0-1-1. Ya 4-1-3 ni 0-0-1-3. Ya 2-4-1 ni 0-2-3-3. Ya 3-5-2 ni 3-2-1-1, na ya 5-2-4 ni 0-2-3-1. Zote ziko karibu na kichwa cha shingo, hata mkono wa mtoto wa miaka saba unafika. Watoto wamezishika wiki mbili hizi, na mara ya kwanza mzee alipiga wimbo mmoja mpaka mwisho.

Lakini alikunja uso, na mimi nilisikia kwa nini. Re ya ukulele iko 200, mzee anataka 240. Si bemoli iko 1000, yeye anataka 960. Hiyo 40 ni karibu nusu ya nafasi ya chuma na chuma. Si kitu cha kufumba sikio. Fa na sol zimekosa kwa 20, hizo zinavumilika. Tena kuna jambo la pili: wale wa korali watakuwa wametambua kwamba ya 3-5-2 imekuwa si bemoli kubwa, na ya 5-2-4 imekuwa sol ndogo. Mbili kati ya tano zimevaa nguo za kanisa, tatu hazijavaa. Nyumba haihamishwi tena, kila akordi inakuwa na rangi yake. Kwa endara ni kama wapigaji wawili wamegeukia upande mwingine.

Unaweza kusema: legeza kamba kidogo. Nilijaribu kwa hesabu. Kamba ya mi inatoa fa kwenye chuma cha 1 na sol kwenye chuma cha 3. Ukiishusha senti 20 ili fa ikae vizuri, sol inayopaswa kuwa 720 inaanguka 680. Umeziba tundu moja, umefungua lingine kubwa zaidi. Chuma kimepigwa ndani ya mbao, hakisogei.

Sasa sikilizeni hii, maana ndiyo sababu nimesimama. Tazameni tena vile vidole. Kamba ya do inatumika kwa sauti mbili tu, do na re. Ya sol: sol na si bemoli. Ya mi: fa na sol. Ya la: si bemoli na do. Kila kamba ina sauti mbili, na toka ya kwanza mpaka ya pili, kwenye ngazi ya mzee, ni hatua moja: 240. Kamba zote nne! Kwa hiyo tukifunga kamba ya tatu iwe fa ikiwa wazi, na ya nne iwe si bemoli ikiwa wazi, tunahitaji mstari mmoja tu shingoni. Mmoja, kwa kamba zote. Kupandisha hizo kamba mbili si hatari, haifiki hata chuma kimoja, nailoni inavumilia.

Vidole vinakuwa hivi. Ya 1-3-5 ni 1-0-0-0. Ya 4-1-3 ni 0-0-0-1. Kidole kimoja! Ya 2-4-1 ni 0-1-1-1, ya 3-5-2 ni 1-1-0-0, na ya 5-2-4 ni 0-1-1-0. Mtoto anazijua zote kabla chai haijapoa. Na akitaka kupanda juu kufuata wimbo, tunamwekea mistari mingine kwa hatua ileile. Shingo yote mpaka oktava inataka mistari mitano, mahali ambapo ukulele ya duka iko na vyuma 12.

Kwa maseremala, vipimo. Pima urefu wa kamba unaolia, toka kile kipande cha juu ambapo kamba zinapita zikitoka kichwani, mpaka daraja la chini. Tuseme ni sentimeta 35, kama zile zetu ndogo. Mstari wa kwanza ni sm 4,5 kutoka juu. Wa pili 8,5. Wa tatu 11,9. Wa nne 14,9. Wa tano 17,5, ambayo ni nusu kamili, na ndiyo hakikisho lako: hapo kamba lazima ilie oktava. Kama chombo chako kina urefu mwingine, zidisha urefu kwa 0,1294, utapata mstari wa kwanza; kisha chukua urefu uliobakia, zidisha tena kwa namba hiyohiyo, na kuendelea. Simu yoyote inafanya hiyo hesabu.

Mistari isiwe chuma. Iwe mshipi wa nailoni, ule wavuvi wa Kyavinyonge wanatumia, ufungwe kuzunguka shingo mara mbili na kukazwa. Sababu ni mzee. Hii 240 ni hesabu ya mezani. Endara yake ni ya sikio lake, na mahali fulani itakuwa 235, mahali fulani 250. Mshipi unasogezwa kwa kidole mpaka yeye aseme ndiyo. Pia kamba ikibonyezwa inapanda kidogo, kwa hiyo lazima mstari urudi nyuma kidogo kuelekea kichwa. Na kamba zenyewe zifungwe kwa kusikiliza mbao za endara, si kwa mashine ya simu: kamba ya kwanza isikilize mbao ya 4, ya pili mbao ya 1, ya tatu mbao ya 3, ya nne mbao ya 5.

Kuna mama mmoja aliniambia nje: mwalimu, mtoto akizoea hiyo, ataweza bado kupiga korali? Ataweza. Zile nane zinabaki vile zilivyo, kwa kanisa na kwa shule. Tangu 1988 Roma yenyewe imekubali misale ya majimbo ya Zaire, na ngoma zetu zina nafasi mbele ya altare. Sioni kwa nini mtoto asijue ngazi mbili kama anavyojua Kinande, Kiswahili na Kifaransa bila kuvichanganya. Wanaochanganya mara nyingi ni sisi wakubwa.

Kwa wafadhili nasema wazi, bila kuzunguka. Munatuuliza kama tunahitaji ukulele zingine. Hapana, asante. Zikiongezwa nane za duka, tutakuwa na watoto kumi na sita wasioweza kupiga na mzee mahali pa nane. Tunachohitaji ni mbao, gundi, kamba, na siku za kazi za seremala. Libuyu inapita hapa Butembo kila siku kwenye malori ya kwenda Kasindi. Vipande vinavyotupwa kwenye viwanja vya mbao vinatosha shingo. Sanduku linaweza kuwa mbao nyembamba, hata kopo la mafuta kwa kuanzia, watoto wetu walitengeneza gitare za namna hiyo kambini bila kufundishwa na mtu.

Kwa hiyo ombi langu kwa komite ni hili: feza iliyobaki kwenye mfuko wa watoto isinunue ukulele za duka. Ilipe seremala wetu mmoja wa Beni atengeneze mbili za kwanza, shingo tupu bila chuma. Mshipi ninao. Mzee ameweka sharti moja: aletewe kabla ya kupakwa varnishi, ili kama shingo ni mbaya aseme mapema.

Endara iko pale nyuma ya mlango, na ukulele moja ambayo nimeng'oa vyuma na kuifunga uzi. Mwenye kutaka kusikia tofauti akuje sasa, kabla prezida hajaanza habari ya bati.